Picha Iliyotafuta Mwenyewe

Kumwandaa nguruwe wa maonyesho kuna kazi zaidi kuliko kumpamba bibi harusi, na kwa akina Kessling kazi hiyo ilikuwa ya Leota. Sifa za nguruwe zilikwenda kwa mumewe, Thad, lakini aliyeinama na brashi alikuwa yeye. Seneta, dume lao kubwa, alikuwa mweusi tii isipokuwa pua, miguu na ncha ya mkia. Weupe huo ulisuguliwa kwa maji ya buluu ya kufulia, na weusi ukapakwa mafuta mpaka ukang'aa. Alipomaliza na nguruwe, Leota aligeukia watoto. Maji alibadilisha, buluu ilikuwa ileile.

Mwaka ule maonyesho ya jimbo yalikuwa na jambo jipya. Kansas nzima ilishazoea kushindanisha ng'ombe, farasi, nguruwe na maboga. Sasa kulikuwa na banda la watu. Unaingia na mkeo na wanao, madaktari wanawapima, wanauliza habari za babu na bibi, na familia yenye mbegu njema inapewa medali ya shaba na picha gazetini. Thad alikuwa ameipania medali hiyo tangu mahindi hayajatoa ndevu. Bei ya nguruwe ilikuwa imeanguka, wanunuzi walikuwa wachache, na yeye aliamini kabisa kwamba mtu akiona mwenye shamba ana medali ya mbegu yake mwenyewe, hatasita kununua mbegu ya nguruwe wake.

Tatizo lilikuwa Dovie. Wendell na Irma walikuwa watoto wa kutazamwa, warefu, meno yamepangika. Dovie, kitinda mimba, alikuwa na miaka saba. Alipokuwa mdogo homa ya vipele ilimkamata ikamwacha hai, lakini masikio ikayachukua karibu yote. Maneno yake yalitoka mazito, nusunusu, na mtu asiyemjua alidhani hana akili. Akili alikuwa nazo tele. Alisoma midomo ya mama yake kama wengine wanavyosoma gazeti, na lile dume Seneta, ambalo Thad mwenyewe alilisogelea kwa tahadhari, Dovie alilishika kamba akalipeleka atakako.

"Ukienda kushindanisha vitoto vya nguruwe, yule dhaifu humpeleki," Thad alimwambia mkewe. "Unamwacha nyumbani. Si kwamba humpendi."

"Huyu si nguruwe, Thad."

"Nani kasema ni nguruwe?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Leota alikuwa amechoka tangu wakati wa kuvuna ngano, uchovu ule wa kuamka nao, na mtu akichoka hivyo hata ugomvi wa haki anaushindwa kwa kukosa pumzi tu. Akamvalisha Dovie gauni la kila siku, akamshika mkono, akampeleka mtoni kwa Nettie Goss.

Nettie alikuwa jirani kwa sababu tu shamba la akina Kessling linapakana na mto. Yeye hakuwa na shamba. Aliishi na binti yake Pearlie kwenye nyumba ya mbao isiyopakwa rangi, akifua nguo za watu, huku mumewe akifuata mashine za kupura ngano kaskazini na kurudi majani yakianguka. Pearlie alikuwa rika la Dovie, mwembamba, jicho moja likiangalia upande. Watoto hao wawili walicheza bila kusikilizana wala kuhitaji. Nettie hakuuliza kwa nini mmoja anaachwa. Alimpokea Dovie kwenye baraza, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya aproni, akasema atawalaza kitanda kimoja, wasisumbuke.

"Mungu akulipe, jirani," Leota alisema.

"Nenda bwana, utachelewa huko," Nettie akamjibu. "Mkirudi na hiyo medali mje mnioneshe."

*

Banda la watu lilikuwa linanuka dawa ya kusafishia. Waliwekwa kwenye foleni na familia nyingine, wote na kola zilizopigwa pasi, wote wakitazamana meno. Leota alivuliwa mpaka shimizi nyuma ya shuka na daktari aliyempiga vidole mgongoni bila kumwangalia usoni. Wakampima kichwa kwa chuma cha baridi chenye mikono miwili. Wakamtaka mkojo. Yeye mama wa watoto watatu, mwenye shamba lake, akapita mbele ya watu na chupa imefunikwa kwa leso, na mwanamke wa mbele yake akacheka kwa aibu ileile.

Aliyekuwa akiuliza maswali ya ukoo ni Bi. Winship, msichana msomi wa mjini, mpole, mwenye kofia ndogo nadhifu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka jimboni kutafuta mbegu njema na mbegu mbaya. Hakuwa mkali hata kidogo. Alimwita Leota "mama" kwa heshima, akamvutia kiti. Thad alimjibu bila kusita, bibi alikufa na miaka mingapi, mjomba hakuwahi kulewa, kama vile anavyotaja vizazi vya Seneta kwa mnunuzi.

"Watoto?" Bi. Winship aliuliza.

"Wawili," Thad akasema.

Leota alikuwa anaangalia viatu vyake. Alivitazama mpaka swali lililofuata lilipoulizwa.

Walipotoka kwenye vipimo walipitishwa mbele ya ubao mkubwa uliobandikwa picha. Upande mmoja zilikuwa picha za familia zilizoshinda kwingine, wamejipanga mbele ya nyumba nyeupe. Upande wa pili zilikuwa picha za watu wasio na majina, na juu yao taa ndogo ikiwaka na kuzimika. Maandishi yalisema kila ikiwaka, mtu mwingine wa mbegu mbaya amezaliwa Marekani, na wewe mlipa kodi ndiye utakayemlisha. Watu walisimama na aiskrimu zao wakiitazama taa.

Katikati ya picha hizo alikuwa Dovie.

Leota aliitambua kamba kwanza. Majira ya kuchipua, Bwana Mabry, yule mpiga picha wa mifugo anayezunguka mashamba, alikuja kumpiga Seneta kwa ajili ya gazeti la wafugaji. Seneta akakataa kusimama. Ikabidi Dovie aletwe jinsi alivyo, peku, na gauni lake la gunia la unga, matope mpaka magotini. Akashika kamba, akainamisha kichwa upande, akafungua mdomo kumwita kama alivyozoea, suuu-iii, na dume likatulia. Mabry akapunga kofia ili nguruwe asimamishe masikio, akabonyeza. Baadaye alipaka rangi kwenye kioo cha picha kufuta kila kitu isipokuwa nguruwe. Ile ya gazeti ilikuwa imetundikwa sebuleni kwao, Seneta peke yake kwenye weupe, ila Mabry alisahau vidole vinne vidogo juu ya kamba. Thad alivicheka vidole hivyo wiki nzima.

Kumbe Mabry alikuwa na picha nyingine ya siku ileile, na hiyo hakuipaka rangi. Aliikata. Nguruwe akaondolewa, mtoto akabaki. Macho yamefinywa kwa jua, kichwa upande, mdomo wazi, mkononi kipande cha kamba kisichokwenda popote. Chini yake waliandika: Je, huyu alipaswa kuzaliwa?

Na wale waliosimama pale karibu wote walikuwa wafugaji. Banda la pili tu kutoka hapo watu wazima walikuwa wanashindana kuita nguruwe, vichwa upande, midomo wazi, na wanapigiwa makofi. Sauti zao zilisikika hadi kwenye ubao. Hakuna hata mmoja aliyeangalia ile picha akasema, huyu mtoto anaita nguruwe. Mwanamume mmoja alisema masikini, inaonekana wazi kabisa, akalamba aiskrimu yake.

"Mama," Irma akasema, kwa sauti yake ya darasani, "mbona Dovie yuko hapa?"

Watu wakageuka. Bi. Winship naye akageuka, akaja haraka, uso umemchangamka. "Mnamjua mtoto huyu? Nimemtafuta sana. Mpiga picha hakuniandikia jina."

Leota alifungua mdomo. Angetaka baadaye kukumbuka alichokusudia kusema, na hakukumbuka.

"Mtoto wa jirani," Thad akasema. "Anafanana tu na wetu."

"Na wenu?" Bi. Winship aliuliza. "Huyo Dovie?"

Hapo Thad akawa hana pa kutokea. Akacheka kidogo, akasema, aa, wanaye mdogo nyumbani, anaumwa surua, wakadhani asiyefika hahesabiwi. Bi. Winship akasema anahesabiwa, bila shaka anahesabiwa, lakini isiwape wasiwasi. Atapita shambani kumwona, na kama mambo ni mazuri medali atakuja nayo mwenyewe. Kisha wakasimamishwa mbele ya turubai jeupe wapigwe picha ya familia, na Bwana Mabry, ambaye alijua kila kitu, alipunga kofia yake juu ili watoto wafumbue macho. Hakumtazama Leota. Leota naye hakuwa na nguvu ya kumtazama.

Njiani kurudi, Seneta akikoroma nyuma ya lori na utepe wake wa nafasi ya pili, Leota alisema, "Ulimkana mwanao."

"Na wewe ulikuwa na mdomo," Thad akasema. "Ulitaka wamchukue? Unajua wanapowapeleka wale."

Alijua. Kila mtu alijua ile nyumba ya serikali, ya matofali, mbali na barabara. Watoto wanaingia na kabegi kadogo, na wakishavunja ungo au kubalehe wanapasuliwa wasizae, na barua ya Krismasi inaandikwa na mtu mwingine.

*

Bi. Winship alituma habari kwamba atafika Alhamisi. Nyumba ile haikupumua. Kumficha Dovie haikuwezekana tena, kwa kuwa ameshatajwa. Kilichobaki ni kumwonesha.

Leota alimwogesha kwa ule uangalifu wa maonyesho. Buluu kwenye kola, mafuta kidogo kwenye nywele, utepe, viatu vya zamani vya Irma vimejazwa karatasi mbele. Akamfundisha kufunga mdomo. Alimwekea kidole midomoni, akamwonesha mara nyingi mpaka mtoto akachoka, akaanza kulia, naye Leota akaanza kulia, kisha wakaacha wote wawili kwa sababu macho mekundu yangeharibu kazi. Akamfundisha jina lake, Dovie Kessling, herufi kwa herufi, mpaka likatoka safi.

Thad alisimama mlangoni muda mrefu akiwatazama.

"Mguu mmoja uwe juu kidogo," alisema mwishowe. "Kwenye kile kibao. Inamnyoosha mgongo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimsimamisha Seneta. Wote wawili walijua, na hakuna aliyecheka. Thad akapiga magoti mwenyewe, akauweka mguu wa mwanawe juu ya kibao, akaukalisha sawasawa. Mkono wake ulikaa pale kwenye kiatu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Leota alimwona, akamsamehe nusu, na nusu nyingine akaiacha kwa siku ambayo atakuwa na nguvu.

Wageni walifika asubuhi, Bi. Winship na Mabry na lile sanduku lake la picha la miguu mitatu. Bi. Winship alimzunguka Dovie mara moja. Akamwinua kidevu, akamtazama meno na masikio, akampapasa fuvu kwa vidole vyepesi. Leota alikuwa amejiweka nyuma ya mgeni, mahali Dovie angeuona uso wake.

"Unaitwa nani, mpenzi?"

Midomo ya Leota ikacheza bila sauti. "Dovie Kessling," mtoto akasema, taratibu, akafunga mdomo kama alivyofundishwa.

"Una aibu," Bi. Winship akasema kwa wema. "Nami nilikuwa hivyohivyo."

Wakamsimamisha barazani, kivulini, mguu kwenye kibao. Mabry aliingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Thad akaenda nyuma yake, akavua kofia yake ya shamba, akaipunga juu kwa mikono yote miwili. Alipunga kama mtu anayezuia treni. Dovie alimwona baba yake, mtu asiyecheza naye kamwe, akipunga kofia kwa ajili yake, na uso mzima ukafunguka. Mabry akabonyeza.

Bi. Winship alitoa kwenye mkoba ile picha ya ubaoni. Akaiinua kando ya mtoto aliye hai, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Hapana," Bi. Winship akasema. "Ni watoto wawili tofauti kabisa. Tazama taya la huyu. Tazama paji la uso. Binti yako Irma alikosea, ni rahisi kwa mtu asiyezoea. Mimi jicho langu limeshazoea." Akamgeukia mpiga picha. "Bwana Mabry, hii uliipiga wapi hasa?"

Mabry alikuwa akikunja kitambaa chake. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Sehemu za huku," alisema. "Nazunguka mashamba mengi, Bi. Winship. Mimi napiga picha tu."

"Lakini wewe, Bwana Kessling, ulisema ni mtoto wa jirani. Jirani gani?"

Hilo hawakulitarajia. Walikuwa wamejiandaa mtoto wao akataliwe. Hawakufikiria kwamba akikubaliwa, ile picha itabaki bila mtu na itatafutiwa mwenyewe. Thad aliitazama kofia yake, akaigeuza ukingo, akaigeuza tena. Alikuwa mwongo wa haraka, wa kujibu swali papo hapo, lakini uongo wa kukaa nao mkononi na kuutoa kwa makusudi ulimshinda. Bi. Winship akamtazama Dovie tena, akakunja uso kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Kule mtoni kuna watu," Leota akasema.

Alisema hivyo tu. Bi. Winship akashukuru, akafungua kijaluba, akamkabidhi Thad medali ya shaba. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoitarajia.

*

Nettie alikuja siku ya kufua, na hakuwa na nguo za mtu mkononi. Leota alimwona tangu kwenye uzio, akatamani kuingia ndani na kufunga mlango, akakosa hata hilo. Akamkaribisha sebuleni. Nettie hakuwahi kufika zaidi ya jikoni katika nyumba ile, akakaa ukingoni mwa kiti.

Alieleza bila kupandisha sauti. Walikuja, yule dada mwenye kofia na yule wa picha. Walimpima Pearlie kichwa. Wakauliza baba yuko wapi, akasema kwenye mashine za ngano, wakatazamana. Wakauliza kama ana nguo nyingine, akasema ipo kambani inakauka.

"Nikawaomba nimvalishe viatu," Nettie alisema. "Wakasema, muache alivyo. Wakamsimamisha anaangalia jua. Nani anaangalia jua asikunje uso, Leota? Halafu lile jicho lake. Wakaweka picha mbili pamoja wakasema ndiye. Hakimu wa kaunti ameshatia saini. Wanakuja kesho."

Leota alisema pole.

"Nimeiona hiyo picha yao. Walinionesha." Nettie hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama ukutani, pale Seneta alipotundikwa peke yake kwenye weupe, na kamba, na vidole vinne. Medali ilikuwa imening'inizwa pembeni. Alitazama muda. "Yule mtoto ana kamba. Tena anaita nguruwe. Wao hawajui, watu wa mjini, lakini mimi si nimezaliwa hapahapa? Jirani, Pearlie wangu hajui kuita nguruwe. Sisi tangu lini tukawa na nguruwe?"

Leota naye aliviangalia vile vidole vinne.

"Sikuja kugombana. Nilifikiri labda Thad angekwenda kwa hakimu. Ana jina sasa, watamsikiliza. Aseme tu kwamba si Pearlie. Asiseme ni nani."

"Watamuuliza ni nani," Leota akasema.

"Ndiyo," Nettie alikubali baada ya kufikiri. "Watamuuliza."

Jikoni magunzi yalipasuka ndani ya jiko. Leota alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea, na alijichukia kwa kila moja. Alisema atazungumza na Thad. Nettie akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji anayojua imepungua.

Hapo Dovie akaingia kutoka uani. Alipomwona Nettie alimkimbilia, akajitupa mapajani mwake, uso kwenye aproni, kama alivyozoea zile siku za maonyesho. Nettie akaweka mkono juu ya kile kichwa. Leota alisimama kabisa, bila kujua anasimama. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba mwanamke huyu anaweza kutoka hapa akaenda moja kwa moja kwa hakimu na kumtaja Dovie, na angekuwa na haki.

Nettie aliuona woga ule. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kuliko Leota mwenyewe.

"Kaa chini," alisema. "Huyu nimemlaza kitandani kwangu. Nitamtajaje?"

Akamfuta Dovie vumbi usoni kwa ncha ya aproni, akamwondoa taratibu, akainuka. Mlangoni alisema Pearlie hajawahi kulala peke yake, akauliza huko mtu humwambia nani mambo kama hayo. Leota alisema hajui. Akamtazama akishuka njia ya mtoni mpaka mahindi yalipomficha.

Jioni alimweleza Thad. Thad alisikiliza akiwa ameshika kikombe, akasema kesho atakwenda kwa hakimu. Akasema tena baada ya chakula. Asubuhi alikwenda kurekebisha uzio wa mbali, na Leota hakumkumbusha.

*

Gari la kaunti lilipita kabla ya mchana. Barabara kutoka mtoni haina njia nyingine, lazima ipite mbele ya shamba la Kessling. Leota alikuwa uani na kapu la maganda ya mahindi, akawa ameamua kutolitazama gari. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuwatupia nguruwe.

Hakuwa amemtazama Dovie. Mtoto alikuwa juu ya uzio wa mbele, peku, gauni limepanda, matope magotini. Hakusikia gari, lakini aliliona, na dirishani aliona uso wa Pearlie. Hakujua kwa nini Pearlie yumo ndani ya gari. Alifurahi tu. Akataka amsimamishe, na sauti kubwa aliyokuwa nayo ilikuwa moja, ile iliyowahi kumleta yeyote aliyemwita.

Akainamisha kichwa upande, akafinya macho kwa jua, akafungua mdomo. "Suuu-iii."

Gari likapunguza mwendo. Kwenye kiti cha mbele kofia ndogo nadhifu ikaanza kugeuka.

Leota alitupa kapu. Alikimbia kama hajawahi kukimbia tangu usichana wake, akamdaka mwanawe kiunoni, akamshusha nyuma ya magugu, akamlalia, akamziba mdomo kwa kiganja kizima. Mtoto alipigapiga miguu. Bado alikuwa anaita. Leota aliisikia ile sauti ikigonga ndani ya mkono wake, mara moja, mara nyingine, na kule barabarani Pearlie, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, akaanza kuitikia kwa jina, Dovie, Dovie, mpaka injini ikashika tena na gari likaenda.